Tano ya Chuoni

Kambi ya Mawe, Kitui
8 Mei 1966

Kwa ndugu yangu Mwanakuu,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na Mama na binti yangu Tumu, na majirani wote wa Kuze, wanaoniulizia na wasioniulizia. Mimi ni mzima ila mgongo. Vumbi la huku ni jekundu, linaingia mpaka ndani ya chakula, na chakula chenyewe ni mahindi na maharagwe, jana na leo na kesho. Mwambie Mama nimezoea, asije akakataa kula wali wake kwa ajili yangu.

Mama nimemwandikia barua yake mbali, kwa herufi za Kiarabu kama anavyosoma mwenyewe, ili asikuombe umsomee hii. Hii ni yako peke yako.

Hapa kambini kumetokea msiba. Nilikwambia kazi yetu ni kupasua mwamba upatikane mawe ya barabara. Zamu ya asubuhi hutoboa matundu. Sisi wa jioni hutia baruti, tukawasha, tukajificha na kuhesabu milio. Tundu lisilolia tunaliita bubu. Giza likiingia mabubu hayaguswi. Mmoja wetu huandika kwa chaki pale mwambani yamebaki mangapi, kisha tunapanda zetu kambi ya juu. Watu wa kambi ya chini wakija asubuhi, husoma chaki kwanza ndipo washike mtaimbo. Zamu hizi mbili hazikutani ila Jumapili.

Mwezi uliopita, asubuhi moja, walitoboa palipokuwa na bubu. Musyoka, yule Mkamba niliyekuandikia kuwa ananichekesha, mkono wake wa kulia haupo tena, na jicho moja halioni. Nyapara wao Ogutu anasema aliisoma chaki na ilikuwa sifuri. Ule mwamba umekwenda na chaki yake, hakuna cha kutazama. Wakubwa wamesema hakusoma, au hajui kusoma. Amefukuzwa. Alipanda lori na sanduku lake, amevaa tai.

Basi. Nataka kukuuliza jambo la shule. Mtoto akiandika duara, duara tupu, kwenu nyinyi walimu hiyo ni namba gani? Na mwenziwe akiisoma vingine, kosa ni la aliyesoma au la aliyeandika? Usinicheke. Jioni za huku ni ndefu, mtu anafikiri mambo ya ajabu.

Tumu anasoma vipi? Mara ya mwisho hukuniambia.

Nduguyo,
Athmani


Kuze, Mombasa
30 Mei 1966

Kaka yangu Athmani,

Shikamoo. Sisi sote tu wazima, alhamdulillahi. Mvua mwaka huu imetuandama, dari ya chumba cha Mama imebambuka na kipande kimeangukia mtungi. Mama anasema mtungi ulikuwa wa mamake, na kwamba wewe ungekuwapo dari isingeanguka. Barua yako ameisoma, akaenda nayo kwa Bi Nana akaisoma tena huko, akarudi na malalamiko kuwa unaandika vidogo kama mtu anayekopa karatasi.

Nimesikitika kwa Musyoka. Huyo Ogutu, ikiwa hajui kusoma, kwa nini alikubali unyapara? Watu wengine cheo ni kitamu kuliko roho za wenzao.

Umeuliza habari za shule, nami nina mengi. Tangu Januari tumeletewa hesabu mpya. Mkaguzi alituita ofisini kwake Kizingo, tukakaa kwenye viti vya watoto kutwa nzima, akatuambia mtoto wa leo asikaririshwe kama kasuku. Kwanza ashike kwa mkono, kisha aone picha, mwisho kabisa ndipo apewe alama. Alama bila picha, alisema, ni wino tu. Mimi nilifurahi. Nilikwenda Makadara nikanunua shanga, kila mtoto nikamtungia kamba yake. Sakafuni nimechora mstari mrefu kwa chaki, sifuri kushoto karibu na dirisha, kumi kulia karibu na mlango. Mtoto anasimama juu ya tatu, namwambia ongeza mbili, anaruka. Kelele ni nyingi, mwalimu mkuu amekuja mara kadhaa kuchungulia nani ameumia.

Swali lako halina ugumu. Duara ni sifuri. Hata Mama, ambaye hajakaa shule siku moja, ukimuuliza atakwambia.

Tumu yu mzima. Amerefuka, amepoteza jino la mbele, na akila muhogo wa kukaanga hamwachii mtu. Anakusalimu sana.

Dadako,
Mwanakuu


Kambi ya Mawe
26 Juni 1966

Ndugu yangu Mwanakuu,

Barua yako ilikaa ofisini kwa sababu lori liliharibika. Nimeipata juzi. Mpe Mama pole ya mtungi. Huku baridi imeingia, asubuhi tunavaa magunia juu ya mashati, ukituona utadhani ni viazi vinavyotembea.

Ogutu anajua kusoma. Jumapili alikuwa akitusomea gazeti, zamu zote mbili, na neno la Kiingereza likiwa gumu alikuwa anasimama kwanza, analifikiri, ndipo anatuambia maana yake. Usiandike tena lile neno la cheo na roho. Nimeliona, na nimelirudia kulisoma mara nyingi kuliko ilivyonifaa.

Nilipata ruhusa nikaenda Machakos hospitali kumtazama Musyoka. Nilimkuta mkewe anamlisha uji. Akasema, "Mswahili, umeniletea tende?" Sikumletea. Akasema, "Basi nimekatika mkono bure, nilidhani nitapata walau tende." Mkewe hakucheka, na mimi nilijaribu sikuweza. Baadaye akaniambia Ogutu alifika kumuaga, lori lake liliposimama Machakos, akasimama penye kitanda, na yeye Musyoka akamgeuzia uso ukutani mpaka akaondoka. Nilisikia. Nikanywa chai niliyopewa. Nikarudi.

Sasa nisikilize. Umesema duara ni sifuri, na hata Mama anajua. Muulize. Muulize kwa kweli, akiwa na kazi zake, usimwambie ni jambo la shule. Kisha mtazame Tumu anaandikaje tano.

Umeniandikia jino lake. Hukuniandikia hesabu zake. Nimeona hilo.

Athmani


Kuze, Mombasa
10 Julai 1966

Kaka Athmani,

Shikamoo. Maulidi imepita salama, tulisomewa mpaka watoto wakalala juu ya mikeka. Mama alipika mahamri ya mtaa mzima na sasa anasema mikono haina nguvu, lakini ukimgusia kupumzika anakasirika. Binti wa Bwana Akil ameposwa na mtu wa Lamu.

Nilimuuliza Mama alipokuwa akichambua mchele.

"Mama, duara ni ngapi?"

"Tano," akasema, hakuinua uso.

"Na sifuri?"

"Nukta. Si wewe ndiye mwalimu? Waniuliza mimi?"

Kaka, nilikaa chini pale pale. Mimi pia nilisoma chuoni, chuo cha Kurani, mbele ya maalim yule yule aliyekufundisha wewe. Tano duara, sifuri nukta. Niliandika hivyo kwa miaka juu ya ubao wa mbao, tukaosha, tukaandika tena. Nilipoingia shule ya serikali nilibadilisha, na jinsi nilivyobadilisha vizuri, nikasahau kuwa kulikuwa na kitu cha kubadilisha.

Nitakwambia sasa nilichokuwa sikwambii. Tangu Februari Tumu nimemketisha na watoto wa darasa la kwanza. Hesabu zake zilikuwa zote za ajabu. Nikimpa mbili na tatu, aniandikie duara. Nikimpa kumi, aandike moja na kidoa, nami nikadhani kalamu imevuja. Kwenye mstari wa sakafuni alikwenda akasimama mlangoni, kulia, akaanza kuhesabu huku anakuja dirishani, kama anavyosoma msahafu. Darasa zima lilicheka. Nilicheka na mimi. Siku moja nilipomwambia tano na akanichorea tena lile duara, nilidhani ananifanyia mzaha kwa kuwa ni shangazi yake. Nikampiga vidole kwa rula, mbele ya wenziwe.

Watoto wengine wa chuoni walijua kuzitenga, za kule zikabaki kule. Tumu alianza shule amechelewa, baada ya msiba wa mamake, hakuna aliyemwambia kuna kule na huku. Mimi ndiye niliyekuwa nimwambie.

Jumatatu nilifuta ubao wote. Nikachora tende tano. Chini yake nikaandika tano ya shule, na chini ya hiyo nikaweka duara. Nikauliza, "Nani anaijua hii ya chini?"

Wakaangalia madawati. Nikauliza tena.

Zubeida, binti wa Aidarus mwenye duka, akasema taratibu, "Hiyo ni ya chuoni, mwalimu. Tumekatazwa kuileta hapa."

"Nani amewakataza?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

Wakatazamana. Alawiya, anayekaa nyuma, ndiye aliyejibu: "Siku ile uliyompiga Tumu."

Nikachora zote, sifuri mpaka tisa, safu mbili, na picha ya tende juu ya kila moja. Wakaanza kuniambia wao. Sita ya chuoni inafanana na saba ya shule. Saba ya chuoni ni kama manati. Ile safu ya chuoni niliwaachia waianze kulia. Sijapata kusikia darasa likisema vile. Watoto wawili wa Kihindi na mmoja wa Kigiriama walikuwa hawajui za chuoni, wakafundishwa na wenzao, wakaona kama wamepewa siri. Mwalimu mkuu aliingia akatazama ubao. "Bi Mwanakuu, hapa si chuo. Mkaguzi akija akute hivi?" Nikamwambia mkaguzi ndiye aliyesema waone. Hakupenda, lakini hakufuta.

Tumu nilikuwa nimemtoa darasa la kwanza akae nasi siku ile; nilimwita aje aandike tano, yoyote atakayo. Hakuja. Aliweka mikono chini ya dawati.

Hilo ndilo la kwangu. Sasa na mimi nakuuliza. Ulikuwa huko mbali, hujamwona Tumu akiandika tangu mwaka jana. Kwa nini lile swali lilikujia mwezi wa tano?

Mwanakuu


Kuze, Mombasa
18 Septemba 1966

Kaka Athmani,

Shikamoo. Nilikuandikia Julai, nikakuandikia Agosti. Mama amepata barua zake, ndefu, zina habari za mbuzi wa msimamizi na nyoka aliyeingia jikoni. Mimi sikupata kitu. Kwa hiyo posta haina lawama.

Dari imetengenezwa. Mama anakohoa kidogo, si kikohozi cha kukutia hofu. Tumu nimemrudisha darasani kwangu muhula huu. Anafanya hesabu zake zote, za shule kwa kishule, hakosei. Nikimuuliza mimi hajibu. Akiulizwa na Zubeida anajibu. Nyumbani nikimpa kitu mkononi anakipokea kwa mkono wa kushoto, mkono nisioupiga. Anasema hakumbuki, ni mazoea tu. Ana umri wa miaka tisa na tayari ananihifadhi nisione aibu.

Nimeisoma tena barua yako ya kwanza. Umenitajia aliyesoma chaki. Umenitajia aliyeumia. Hukunitajia aliyeandika.

Sikuulizi. Nimekwambia tu kwamba na mimi nimeona.

Mwanakuu


Kambi ya Mawe
30 Oktoba 1966

Ndugu yangu Mwanakuu,

Nakusalimu, na namsalimu Mama, na nakuomba unisamehe kwa kukaa kimya. Kila nikishika kalamu kukuandikia wewe, nilikuwa naiweka chini na kumwandikia Mama habari za mbuzi.

Ni mimi.

Siku ile mchana, wakati wa kupumzika, nilikaa kivulini nikamwandikia Mama. Barua yake ilikuwa na hesabu kidogo, nilikuwa namweleza vitu vya kununua kwa ajili ya Tumu. Niliandika ukurasa mzima kutoka kulia kwenda kushoto, nikawa niko nyumbani, nasikia hata mlango wetu ukifungwa. Jioni tukawasha baruti. Milio ilipungua. Mabubu yalikuwa matano, kila mtu alikubali ni matano. Nikachukua chaki kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa zamu, niliyefika darasa la tatu. Nilikuwa nimechoka mpaka magoti. Mkono ulikuwa bado uko kwenye barua ya Mama. Nikaandika tano. Kisha nikarudi nyuma hatua, nikaitazama, na nikaona tano. Hilo ndilo linalonitoa usingizini. Si kwamba sikutazama. Nilitazama.

Sikujua mpaka Ogutu aliposimama mbele ya msimamizi na kusema, "Niliona sifuri, kubwa, imeandikwa vizuri." Pale ndipo nilipoiona upya kwa macho yake. Msimamizi akanigeukia: "Wewe mwandishi, uliandika nini?"

Nikasema, "Niliandika tano."

Na ni kweli niliandika tano. Wenzangu wa zamu wakaitikia, ni kweli, yalikuwa matano. Ogutu akanitazama mimi, si kwa hasira, kama mtu anayengoja umalizie maneno yako. Sikumalizia. Ningalisema uongo siku ile huenda ningalikuwa nimeshautubia. Lakini nilisema kweli, na ile kweli ndiyo iliyomfukuza mtu.

Wewe ulimpiga mtoto kwa kutojua, na ulipojua hukukawia kufuta ubao. Mimi nilijua hapo hapo, na nimekaa miezi.

Nilikwenda kwa msimamizi mapema mwezi huu. Nilimwambia yote. Akanipa penseli na pakiti ya sigara, akasema, "Andika tano ya kwenu." Nikaandika. Akaigeuza huku na huku, kana kwamba ukiipindua itabadilika. Kisha akasema mambo hayo yamekwisha, makaratasi yamekwenda Nairobi, akiyafufua wataulizwa kwa nini kambi haikuwa na utaratibu bora kuliko chaki. Akaniambia nirudi kazini na nisiandike tena mwambani. Nikamuuliza, "Na Ogutu?" Akasema, "Ogutu ameshapata kazi nyingine." Hajui kama amepata. Alisema tu ili niondoke.

Nikaenda kwa Musyoka, ameshatolewa hospitali, nyumbani kwao si mbali na hapa. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Akauliza, "Ogutu anajua?"

"Hajui."

"Basi mimi unaniambia kwa nini? Mimi mkono wangu hauulizi nani."

Akasema tena, "Alikuja kuniaga nikamgeuzia uso. Na wewe ukaja ukanywa chai yangu." Hakunifukuza. Lakini hakumwambia mkewe anipe maji, na kwa watu wa huku, hata mpita njia hupewa maji.

Kazi yetu inakwisha mwisho wa Desemba. Kwa Ogutu ni Yala, mbali huko upande wa ziwa. Nitakwenda.

Mama asijue.

Athmani


Kuze, Mombasa
11 Desemba 1966

Kaka yangu mpenzi Athmani,

Shikamoo. Tunangoja mwezi uandame, Ramadhani iko mlangoni. Mama amepeleka kanzu yako kwa fundi wa Bondeni ipunguzwe, anasema mtu aliyekula mahindi mwaka mzima lazima amekonda. Kila anayepita barazani anaambiwa Athmani yuwaja kwa Idi.

Tumu amepita mtihani. Anaingia darasa linalofuata pamoja na wenziwe, na ripoti yake nimeiandika kwa mkono wangu. Mkaguzi alikuja, akaziona zile safu mbili ukutani, nimezihamishia kwenye karatasi kubwa. Akauliza ni mapambo? Nikamweleza. Akaandika kitu, akaenda zake, gari lake alikuwa ameliacha barabarani kwa kuwa haliingii vichochoroni mwetu, na watoto wakamsindikiza wakimfundisha njia nzima. Sijui ataniletea sifa au barua ya kunionya.

Barua yako niliisoma mlango umefungwa. Sikulaumu, siwezi. Lakini nisikilize, kaka. Umemwambia mkubwa wa kazi. Umemwambia aliyeumia. Kwa Ogutu mwandikie barua. Niletee mimi, nitaisahihisha, nitaiandika kwa hati nzuri, kwa Kiingereza ukitaka. Huko hujui mtu, hujui lugha, na mtu aliyepotezewa kazi na jina lake ana ndugu. Wakikufanya kitu, nitamwambia nini Mama? Nitamwambia nini Tumu, ambaye ana mzazi mmoja?

Nitasema kweli, nayasema haya kwa ajili yangu. Nataka uje ukae barazani, umwone mwanao akiandika. Pengine ukiwapo wewe atanipa mkono wa kulia.

Njoo nyumbani.

Mwanakuu


Yala
16 Januari 1967

Ndugu yangu Mwanakuu,

Idi imenikuta huku, niliswali na mafundi wawili na mwenye duka mmoja, ndio Waislamu wote tuliopatikana. Nisamehe kwa kanzu, nisamehe kwa Mama. Najua alikaa barazani. Mwambie kazi imenichelewesha, na si uongo.

Kuhusu barua uliyotaka niandike: nilifikiri sana njiani. Barua isingefaa. Nani angeisoma? Ogutu mwenyewe. Angesimama mbele ya watu wake akasoma kwamba yeye anajua kusoma, nao wangesema anaitunga. Utaona kwa nini.

Nilimkuta akifunga ua wa miiba. Akaniona tangu mbali. "Mswahili," akasema, "umepotea, au umekuja kuniuzia tende?" Nikamwambia sikupotea. Nikamwambia pale pale, miiba ikiwa mkononi mwake, bila salamu ya pili.

Akavunja kijiti, akafagia mahali kwa kiatu, akanipa. "Andika."

Nikachora duara mchangani.

"Hii ni nini?"

"Tano."

"Na sifuri yenu?"

Nikatia nukta.

"Hiyo?"

"Hiyo."

Akakaa chini. Kisha akasema, "Niliona sifuri."

"Uliona sifuri."

"Sema tena."

"Uliona sifuri, Ogutu. Mimi ndiye niliyejua nikanyamaza."

Nilingoja anipige. Nilikuwa nimejiambia nisikinge uso. Badala yake akaniambia jambo nililokuwa silijui. Hapa kwao yeye ndiye aliyekuwa msomaji. Tangu alipotoka shule watu walimletea barua za watoto wao walioko Kampala na Nairobi, awasomee, awajibie. Habari za kambini zilifika kabla yake, zimeletwa na kijana aliyefanya kazi nasi: Ogutu hajui kusoma hata sifuri, ameua mkono wa mtu. Tangu arudi hakuna aliyemletea barua. Wanapita mbele ya nyumba yake wamezishika, wanakwenda kwa mwalimu ng'ambo ya mto. Mkewe aliniambia hilo ndilo lililomkondesha, si kazi.

Akainuka akaita watu. Mkewe, kakake, mamake aliye mzee sana, majirani wawili waliokuwa wakilima. Akafuta mchanga, akanipa kijiti. "Waonyeshe." Nikachora. Akawaeleza kwa Kijaluo. Mamake akainama mpaka karibu na ardhi, akauliza neno, wote wakacheka, hata kakake aliyekuwa amenikunjia uso. Ogutu akanitafsiria: "Anauliza, nyinyi mkiwa na ng'ombe watano, mnaonaje zizi, tupu?" Nikacheka na mimi, na katika kucheka machozi yakatoka, nikajifanya ni vumbi.

Kakake hakuridhika. Akasema huenda nimelipwa nije kusema hivi. Wakamwita yule mwalimu wa ng'ambo. Akaja na baiskeli, akaniamuru niandike zote, sifuri mpaka tisa, akazitazama kila moja, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ni kweli, amewahi kuziona kwenye sarafu za Wamisri. Kisha akampa Ogutu mkono. Alichelewa kidogo kuutoa, lakini akampa.

Hawajanifanya kitu. Nalala kwa kakake, ambaye hasemi na mimi. Mke wa Ogutu ananipa chakula na hanitazami. Ogutu mwenyewe hajaniambia amenisamehe na mimi sijamuuliza. Jana nilimwambia naondoka leo. Akasema leo ni siku ya soko, watu watatoka mbali, wengi wao hawajaona.

Tangu alfajiri wanakuja hapa mmoja mmoja. Kila akija mtu, Ogutu huifuta ile ya mwanzo kwa kiatu chake, hunipa kijiti, na kusema, "Andika." Naandika. Mwambie Tumu babake anafundisha.

Nduguyo,
Athmani